Kuingia katika kazi ya mazingira Uganda: mwongozo kwa mwanafunzi, anayejitolea na anayetafuta ajira

Kila mwaka, likizo ndefu ya vyuo inapokaribia, simu yangu hujaa ujumbe wa wanafunzi wanaotafuta mahali pa kufanyia mafunzo kazini, na karibu wote huandika sentensi ileile: niko tayari kufanya kazi yoyote. Nimefanya kazi katika mashirika ya uhifadhi ya magharibi mwa Uganda kwa miaka kumi na miwili, kwanza kwa kujitolea, baadaye kwa mikataba mifupi, na siku hizi mimi ndiye ninayepokea maombi. Naweza kusema kwamba sentensi hiyo, ijapokuwa huandikwa kwa unyenyekevu, ndiyo inayowaangusha wengi. Shirika la mazingira halina kazi yoyote ya kugawa. Lina mradi wenye bajeti na tarehe ya mwisho, na mradi huo unadaiwa ripoti ambayo lazima imfikie mfadhili ikiwa na hesabu ndani yake: ni miche mingapi iliyopandwa na mingapi ingali hai, ni kaya ngapi zilizotembelewa, ni ndege gani walioonekana na wapi. Mwombaji anayeonyesha kwamba atasaidia hesabu hiyo ipatikane, tena iwe ya kweli, ndiye anayeitwa. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kuzingatia jambo hilo.

Hatua ya kwanza: jua unamwandikia nani

Wengi huchanganya mashirika yasiyo ya kiserikali na mamlaka za serikali, na barua zao hupotea kwa sababu hiyo. Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), Mamlaka ya Taifa ya Misitu (NFA) na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda (UWA) ni vyombo vya umma. Ajira zao hutangazwa na kufuata taratibu za utumishi wa umma, na wanafunzi wa mafunzo kazini huwapokea kupitia barua rasmi ya chuo. Kituo cha elimu ya wanyamapori cha Entebbe, ambacho wengi wetu bado tunakiita bustani ya wanyama, nacho ni cha umma, ingawa hupokea watu wanaojitolea. Mashirika yasiyo ya kiserikali hufanya kazi kando ya vyombo hivyo, mara nyingi ndani ya ardhi inayosimamiwa navyo, kwa hiyo hata ukiajiriwa na shirika utahitaji kujua nani mwenye mamlaka juu ya msitu au hifadhi unayoingia.

Ndani ya mashirika yenyewe kuna tofauti kubwa. Nature Uganda, ambalo asili yake ni chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki kilichoanzishwa mwaka 1909, hushughulika hasa na ndege na makazi yao, na ndilo mshirika wa BirdLife International, mtandao wa kimataifa wa mashirika ya kuhifadhi ndege, nchini. ECOTRUST, iliyoanzishwa mwaka 1999, hufanya kazi na wakulima wanaopanda miti na kulipwa kwa awamu kadiri miti hiyo inavyokaguliwa na kuonekana ingali hai. Conservation Through Public Health, shirika lililoanzishwa mwaka 2003 na daktari wa wanyama Gladys Kalema-Zikusoka pamoja na wenzake, huunganisha afya ya binadamu na afya ya gorila wa milimani huko Bwindi, kwa sababu ugonjwa wa mwanakijiji unaweza kumfikia gorila. Kisiwa cha Ngamba, katika Ziwa Victoria, kimekuwa makimbilio ya sokwemtu waliookolewa tangu mwaka 1998. Halafu yako mashirika ya utetezi kama vile NAPE na AFIEGO, ambayo kazi yao ni sheria, sera, nishati na haki za watu walioguswa na miradi mikubwa.

Nasisitiza tofauti ya mwisho kwa sababu ina uzito wa aina yake. Mwaka 2007, wakati serikali ilipotaka kutoa hekta 7,100 za msitu wa Mabira ili zilimwe miwa, watu waliandamana Kampala na wengine wakapoteza maisha; mpango huo haukuendelea. Katika miaka ya karibuni vijana wanaopinga bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, wamekamatwa mara kadhaa mjini Kampala. Kwenda kujitolea katika shirika la utetezi ni uamuzi halali na wenye heshima, ila ufanye ukijua kwamba kuhesabu korongo katika kinamasi na kusimama na bango mbele ya bunge havikuweki katika hatari moja, na zungumza na mzazi au mlezi wako kabla, si baada.

Usidhani pia kwamba nafasi hizi ni za wanabiolojia peke yao. Shirika lenye wafanyakazi ishirini linaweza kuwa na wanasayansi watano tu, na waliobaki wakawa wahasibu, madereva, waandishi wa ripoti, maafisa wa jamii na wauguzi. Hilo la Bwindi nililolitaja lilianzisha biashara ya kahawa mwaka 2015, inayonunua kahawa ya wakulima wanaopakana na hifadhi. Aliyesomea masoko ana la kufanya zaidi pale kuliko aliyesomea samaki.

Hatua ya pili: hakikisha shirika lipo kweli

Sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2016 inalitaka kila shirika liwe na kibali cha kufanya kazi, na kabla ya kuingia katika wilaya lipate idhini ya wilaya hiyo na kutia saini hati ya makubaliano na serikali ya mtaa. Mwaka 2024 sheria ilirekebishwa, na kazi za ofisi iliyosimamia mashirika zikahamishiwa moja kwa moja katika Wizara ya Mambo ya Ndani. Haya si mambo ya wanasheria tu. Agosti 2021 mashirika 54 yalisimamishwa kwa mpigo mmoja kwa madai ya kutotimiza masharti, na mtu aliyekuwa akijitolea katika mojawapo alijikuta hana ofisi wala barua.

Namna ya kuhakiki ni rahisi. Uliza shirika lina kibali cha mpaka lini. Nenda katika makao makuu ya wilaya, mwone afisa wa mazingira au wa maendeleo ya jamii, umwulize kama analijua. Akisema hajawahi kulisikia wakati shirika lenyewe linadai limepanda miti katika kaunti ndogo tatu za wilaya hiyohiyo, umepata jibu lako bila gharama yoyote isipokuwa nauli ya taksi. Na shirika lolote linalomtoza kijana wa Kiganda au mkimbizi ada ya usajili, ya fomu au ya sare kabla ya kumpa nafasi, liache. Vipo vituo vinavyowatoza wageni kutoka ng'ambo ada ya kujitolea, na fedha hizo hugharamia malazi, chakula na utunzaji wa wanyama. Huo ni utaratibu unaotangazwa wazi. Mtu anayekupigia simu akitaka utume shilingi kwa simu ili jina lako "lisiondolewe kwenye orodha" hana utaratibu wowote ila wa kukuibia.

Hatua ya tatu: jenga ujuzi kabla ya kuandika barua

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo mtu asiye na jina, asiye na mjomba ofisini, anapoweza kujitengenezea nafasi.

Anza na leseni ya pikipiki. Soma tangazo lolote la afisa wa nyanjani nchini Uganda na utakuta, chini ya shahada na uzoefu, sharti la kuwa na leseni halali ya kuendesha pikipiki. Vijiji vinavyopakana na Bugoma, Kibale au Mlima Elgon havifikiki kwa gari nyakati za mvua, na shirika halitaki kumlipa mtu wa bodaboda kila siku ili akupeleke. Nimeona wenye shahada ya pili wakikosa kazi kwa sababu ya kadi hiyo ndogo. Akina dada hasa nawasihi wasiliruke sharti hili kwa kudhani ni la wanaume, maana miradi mingi inayowahoji akina mama nyumbani kwao hupendelea afisa mwanamke, na wanaoweza kuendesha ni wachache.

Kisha jifunze kukusanya takwimu kwa simu. KoboToolbox ni programu isiyolipiwa ambayo mashirika mengi huitumia kutengenezea dodoso na kulijaza hata mahali pasipo na mtandao. Tengeneza dodoso lako la maswali kumi, zunguka nalo katika mtaa wako ukiuliza watu wanatumia kuni au mkaa, halafu ichore ramani ya majibu katika QGIS, ambayo nayo ni ya bure. Kazi hiyo ya wiki mbili, ikichapishwa katika kurasa tatu, itasema mengi kuliko cheti cha semina. Ila omba ridhaa ya kila unayemhoji na usiweke majina yao katika ramani. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019.

Kama unalenga misitu, jifunze kupima mti ipasavyo. Kipenyo cha mti hupimwa katika kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Mwanagenzi asiyejua hufunga utepe popote mkono wake unapofika, na mrefu na mfupi wakipima mti mmoja hupata majibu mawili. Aliyefundishwa hukata fimbo ya mita 1.3, huiegemeza kwenye shina, na hupima pale ncha ilipoishia. Mti ukiwa kwenye mteremko, fimbo husimamishwa upande wa juu. Ukiwa umegawanyika chini ya kimo hicho, kila shina huhesabiwa kama mti wake. Ninapowapokea wanafunzi wapya huwapa utepe bila kusema neno na kuwapeleka kwenye mti ulio mteremkoni, na ndani ya dakika moja ninajua ni nani aliyekuwa msituni na ni nani aliyeusoma msitu katika daftari la mwenzake.

Anayependa ndege ana njia iliyo wazi zaidi. Uganda ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na kila Januari wapenzi wa ndege hushiriki hesabu ya ndege wa majini inayofanywa barani kote. Kuhesabu huko hutegemea watu wanaojitolea. Jiunge na Nature Uganda kama mwanachama, nenda katika matembezi yao, na siku ukienda Mabamba, kinamasi kilichowekwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na kinachojulikana kwa korongo-nyangumi, nenda na daftari. Andika saa, mahali, idadi na hali ya hewa. Mwaka mmoja wa kumbukumbu kama hizo, zikiwa zimeingizwa pia katika eBird, hazina ya mtandaoni ya kumbukumbu za ndege, ni wasifu tosha.

Na lugha. Kiswahili kilitajwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kisukumwe mbele, lakini sote tunajua kwamba barua za ofisini huandikwa kwa Kiingereza na kijijini watu huzungumza Kinyoro, Kitoro, Kikiga au Kiganda. Hata hivyo Kiswahili kina mahali pake katika kazi hii, tena pakubwa. Wakimbizi wa Kongo walioko Kyangwali, Kyaka II na Nakivale hukizungumza, na makazi hayo yana miradi mingi ya miti na majiko banifu kwa sababu mahitaji ya kuni ni makubwa. Hifadhi za Bwindi na Mgahinga zinapakana na Kongo, na mawasiliano na wenzetu wa upande wa pili huendeshwa kwa Kiswahili au Kifaransa. Ukijua Kiswahili vizuri, kiandike juu kabisa katika wasifu wako, usikifiche chini ya "lugha nyingine". Na kama wewe mwenyewe ni mkimbizi, fahamu kwamba Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inakupa haki ya kufanya kazi nchini.

Hatua ya nne: andika barua yenye jambo ndani yake

Vyuo vingi huwapeleka wanafunzi mafunzo kazini kati ya Juni na Agosti. Barua inayofika Mei hukuta nafasi zimejaa. Andika Januari au Februari, uambatanishe barua ya utambulisho ya chuo, nakala ya kitambulisho cha taifa, wasifu usiozidi kurasa mbili, na, kama utaishi kijijini, uwe tayari na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa kwenu. Kama kazi yako itakuwa na utafiti wa kuandikia tasnifu, uliza mapema kuhusu vibali, maana utafiti ndani ya hifadhi za wanyama huhitaji idhini ya UWA na huchukua muda. Vituo vya utafiti vilivyo chini ya vyuo, kama kile cha Makerere kilichopo Kanyawara katika msitu wa Kibale, au cha Chuo Kikuu cha Mbarara kilichopo Ruhija, vimezoea kupokea wanafunzi na vitakueleza utaratibu.

Barua yenyewe iwe ya ukurasa mmoja. Aya ya kwanza itaje mradi mmoja wa shirika hilo ambao umeusoma, na jambo moja mahususi uliloliona ndani yake. Aya ya pili ieleze kazi uliyokwisha kuifanya. Aya ya tatu iseme unachoomba, kuanzia tarehe ipi hadi ipi, na unachotaka kuacha nyuma utakapoondoka. Mwanafunzi mmoja alituandikia kwamba amesoma ripoti yetu ya vitalu, ameona tumeandika idadi ya miche iliyogawiwa lakini hatukuandika iliyopona, na kwamba angependa kutumia wiki nane kuwatembelea wakulima sitini na kuihesabu. Barua yake ilikuwa na makosa mawili ya tahajia. Aliitwa siku iliyofuata. Siku hiyohiyo tulipokea barua nyingine kumi na moja zinazosema kwamba mwandishi ana moyo wa dhati wa kuyapenda mazingira, na sikumbuki jina hata moja.

Usitume barua moja kwa anwani thelathini kwa mpigo. Anayepokea huona orodha yote.

Hatua ya tano: patana kabla ya kuanza

Miezi saba ya kwanza ya maisha yangu ya kazi niliifanya bila karatasi. Shirika hilo, ambalo sina haja ya kulitaja, liliniahidi kwa mdomo kwamba mambo yatarekebishwa mradi ukianza. Nilitengeneza kitalu, nikajaza mifuko kwa mikono, nikaandika ripoti ya kurasa arobaini. Mradi ulipoanza waliajiriwa wengine, na ripoti ikatoka bila jina langu. Sikuwa na barua ya kuonyesha kwamba nimewahi kupita katika lango lile. Kwa hiyo naomba usianze bila barua, hata ya aya mbili, inayotaja tarehe za kuanza na kumaliza, jina la msimamizi wako, kazi utakayokabidhi mwishoni, na nani anayelipa nini.

Katika hilo la mwisho, uliza wazi habari za nauli, chakula cha mchana, malazi ya nyanjani na muda wa maongezi wa simu. Tahadhari na neno posho: msomaji wa Nairobi au Dodoma akiahidiwa posho atafikiri fedha, lakini katika Kampala posho ni ugali, na nimemwona mwanagenzi kutoka ng'ambo ya mpaka akifurahia barua ambayo kwa kweli ilimwahidi sahani ya ugali na maharage. Uliza pia kitatokea nini ukiumia kazini. Kama shirika lina bima ya ajali, jina lako liingizwe kabla hujapanda pikipiki yao. Kama halina, ujue hivyo, na usiende peke yako mahali penye tembo.

Kujitolea bila malipo kuwe na mwisho. Kwa maoni yangu miezi mitatu inatosha kumwezesha mtu kujifunza na shirika kumpima, na sita ni mingi. Zaidi ya hapo unajaza pengo la mtu ambaye angelipwa, na wanaoweza kuvumilia hali hiyo ni wale ambao wazazi wao wana uwezo, ndiyo maana baadhi ya ofisi zetu zimejaa watoto wa Kampala huku kijana aliyekulia ukingoni mwa msitu akibaki mbeba mizigo.

Hatua ya sita: fanya kazi inayoacha kumbukumbu

Ukishaingia, weka daftari lako binafsi la kazi na uliandike kila jioni kabla ya kulala. Andika ulikokwenda, uliyezungumza naye kwa cheo na si kwa jina, ulichopima, na kilichoharibika. Chuo kitakutaka ujaze daftari lake la mafunzo, nalo ni zuri, ila hilo lako ndilo utakalotumia miaka mitatu baadaye unapoulizwa katika usaili utoe mfano.

Fuata taratibu za mahali bila kujadiliana. Aliye na mafua hawakaribii gorila wala sokwemtu, hata kama amesafiri siku nzima. Gambuti huoshwa kabla ya kuingia msituni. Mzee wa kijiji hupigiwa simu siku moja kabla, na ukifika unamwona kwanza mwenyekiti wa LC1 ndipo uende shambani.

Na andika ulichokiona. Nilipata kutumwa Kyangwali kuhesabu miche iliyogawiwa kwa kikundi kimoja cha wakulima wa Kongo. Fomu ilisema 400. Tulizunguka shamba baada ya shamba tangu asubuhi, mimi nikitia alama ya rangi kwenye kila mche ulio hai ili tusiuhesabu mara mbili, na kufikia saa tisa tulikuwa na 131. Kiongozi wa kikundi, mzee mwenye kofia ya sufu ambaye alikuwa amenibebea chupa ya maji siku nzima, aliniketisha kivulini.

"Mwanangu, andika mia tatu," aliniambia. "Wakisikia imekufa hawataleta tena."

"Baba, wakija kuhesabu wenyewe nitasemaje?"

Alinyamaza, kisha akaanza kunieleza kwa nini ilikufa. Miche ililetwa mwisho wa Novemba, mvua zikiwa zinaondoka, ikaingia moja kwa moja katika kiangazi cha Desemba hadi Februari. Iliyosalia ilikuwa ile ya mashamba ya bondeni na ile iliyozungushiwa miiba, kwa sababu mbuzi wa pale hufunguliwa baada ya mavuno. Niliandika 131, na maelezo yake yote nikayaweka katika safu ya maoni ambayo wengi huiacha wazi. Awamu ya pili ya mradi iliandikwa kwa kutumia safu hiyo: miche ikagawiwa Septemba, na bajeti ikawa na fedha za uzio. Mimi niliitwa kuisimamia, na huo ndio mkataba wangu wa kwanza wenye mshahara. Sitaki kudai kwamba hesabu ya kweli humfaidi mtu kila mara. Nimefanya kazi na meneja aliyekasirishwa zaidi na namba ndogo kuliko na namba ya uongo. Lakini mkaguzi wa mfadhili akifika, na siku hizi hufika akiwa na picha za satelaiti, anayetafutwa ni yule aliyetia saini kwenye fomu.

Hatua ya saba: kutoka kujitolea hadi mkataba

Nafasi nyingi hujazwa kabla hazijatangazwa kwa upana, wakati andiko la mradi mpya linapotayarishwa, kwa kuwa ndipo majina na bajeti za wafanyakazi huwekwa. Mwombe msimamizi wako akushirikishe katika kuandika sehemu moja ya andiko, hata jedwali la shughuli tu. Nafasi nyingine hutangazwa magazetini, katika tovuti za mashirika na katika ReliefWeb, tovuti ya habari na kazi za misaada, ambako miradi ya mazingira katika makazi ya wakimbizi huonekana mara kwa mara.

Ukipewa mkataba, usome wote. Tafuta tarehe ya mwisho wa mradi, na uulize bila haya mfadhili ni nani na fedha zimethibitishwa hadi lini. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, miradi ilisimama ndani ya siku chache, na watu waliokuwa na mikataba ya miaka mitatu walirudi nyumbani. Shirika lenye wafadhili wanne hutikisika. Lenye mmoja huanguka. Angalia kama mwajiri anachangia NSSF, ambapo wewe hukatwa asilimia 5 ya mshahara na yeye huongeza asilimia 10. Kodi ya mshahara huanza kukatwa mshahara wa mwezi unapopita kiwango kilichowekwa na sheria, kwa hiyo utahitaji namba ya mlipa kodi. Ni bure na huombwa mtandaoni. Mwajiri anayekuita mshauri huku akikutaka ofisini kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni kila siku anakwepa makato hayo, na hasara ni yako.

Hatua ya nane: kuondoka

Wiki mbili kabla ya siku ya mwisho, kabidhi fomu, kifaa cha GPS, funguo za pikipiki na risiti zote kwa orodha yenye saini mbili, na ubaki na nakala. Takwimu za shirika ni mali yake, hivyo omba ruhusa kwa maandishi kama unataka kuzitumia katika tasnifu. Barua ya kuthibitisha kazi uliyoifanya iombe ukiwa bado upo, tena umwandalie msimamizi rasimu inayotaja tarehe, maeneo na idadi, naye atairekebisha na kutia saini. Kumbuka kwamba msimamizi huyo naye huenda ana mkataba wa mradi huohuo, na anwani yake ya ofisi itafungwa siku ileile mradi unapofungwa. Kwa hiyo chukua namba yake ya simu ya binafsi, na mtumie ujumbe mfupi kila baada ya miezi michache kumweleza ulipo na unachofanya.